Kesi ya Nyani Haipelekwi kwa Ngedere: Mgongano wa Maslahi katika Uamuzi wa Umma

Mada iliyotolewa kwa madiwani, wakuu wa idara na watendaji wa kata



Wahenga walionya kuwa kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Onyo hilo halimwiti ngedere mwongo. Linakumbusha kwamba shamba la mahindi lililoliwa linawahusu wote wawili. Huo ndio mgongano wa maslahi: mtu aliyekabidhiwa uamuzi wa umma ana faida yake, ya ndugu yake au ya mshirika wake wa biashara katika matokeo ya uamuzi huo. Kujikuta katika hali hiyo si kosa. Kosa ni kuificha na kuendelea kuamua.

Ni vema kutofautisha jambo hili na rushwa ya kawaida. Rushwa hutafuta giza. Ushawishi wa makampuni mara nyingi huja mchana, ukiwa na barua yenye nembo, ripoti ya mtaalamu na ahadi ya madawati. Kampuni ina haki ya kusikilizwa kama ilivyo kwa mkulima na mama lishe. Hatari huanza pale inaposikilizwa faraghani, peke yake, na mtu anayeidai au kudaiwa nayo fadhila.

Historia ya tumbaku ni somo la wazi. Mwezi Januari 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yalichapisha tangazo katika magazeti mengi yakiahidi kushirikiana na wanaolinda afya ya jamii. Miaka 40 baadaye, Aprili 1994, wakuu saba wa makampuni hayo walikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo na kusema hawaamini kuwa nikotini hujenga uraibu. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington aliamua kuwa makampuni makubwa ya tumbaku yaliudanganya umma kwa miongo mingi. Katika muda huo wote, tafiti zilizofadhiliwa na wenye sigara zilikuwa zikitumika kuchelewesha sheria.

Kutokana na uzoefu huo, Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, uliweka Ibara ya 5.3. Ibara hiyo inazitaka nchi wanachama kulinda sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kibiashara ya sekta ya tumbaku. Miongozo yake ya mwaka 2008 inashauri kuwa watumishi wa umma wakutane na makampuni hayo pale tu inapolazimu, na mikutano hiyo iwe ya wazi. Tanzania iliridhia Mkataba huo mwaka 2007. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2014, ambazo pia ziliweka mipaka ya mahusiano kati ya maofisa wa umma na sekta hiyo, zilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco Kenya. Shauri hilo lilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi Novemba 2019 ilitupilia mbali rufaa ya kampuni.

Waheshimiwa madiwani, jambo hili haliishii Washington wala Nairobi. Chukulia halmashauri inajadili sheria ndogo ya kuzuia uuzaji wa sigara karibu na shule. Wiki moja kabla ya kikao, kampuni inaahidi kuezeka madarasa mawili. Katika kikao yumo diwani ambaye mkewe ana duka la jumla linalosambaza sigara. Diwani huyo ni mwadilifu, na pengine ndiye anayeijua biashara hiyo kuliko wote. Hata hivyo, Kanuni za Kudumu zinamtaka atamke maslahi yake na asishiriki katika mjadala wala kura. Kata yake haitakosa sauti: taarifa zinaweza kutolewa na mtendaji wa kata, na wenye maduka wanaweza kuwasilisha maoni yao kwa maandishi.

Tena, upo mgongano usio wa mtu mmoja. Mnunuzi wa zao la biashara kama tumbaku hulipa ushuru wa asilimia 3 kwa halmashauri linakotoka zao hilo. Fedha hizo huingia katika mapato ya ndani, ambayo asilimia 10 yake hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hivyo halmashauri inayolinda afya ya mtoto ndiyo hiyo inayosubiri ushuru wa tumbaku. Hakuna kanuni ya kumtoa mtu nje ya ukumbi itakayoondoa ugumu huo. Kinachofaa ni kuukiri, kuandika pande zote mbili za hesabu katika taarifa ya kikao, na kuamua mbele ya wananchi.

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawahusu pia madiwani, na tamko la mali na madeni hupelekwa kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka. Lakini fomu iliyojazwa Desemba haiwezi kusema kwa niaba ya mtu aliyenyamaza kikaoni mwezi Machi. Kwa hiyo mambo matatu yanashauriwa. Kwanza, tamko la maslahi liwe ajenda ya kwanza ya kila kamati na liingizwe katika muhtasari. Pili, kila mkutano na kampuni kuhusu sheria ndogo, zabuni au ardhi uandikwe: nani alikuja, lini, na aliomba nini. Tatu, msaada wa kampuni usipokelewe wakati jambo linaloihusu lingali mezani.

Wananchi nao wana nafasi yao, kwa kuwa mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Darasa lililoezekwa ni jambo jema. Ila mtoto anayesoma chini ya bati hilo asije akalilipia kwa mapafu yake.