Mtama wa Danieli

Somo: Danieli 1:8–16

Popote mlipo, nyumbani, shambani, au garini katika barabara hii kuu ya Mombasa inayopita hapa kwetu Salama, nawaomba dakika chache tukae pamoja mbele ya Neno la Mungu.

Mnaikumbuka habari ya Danieli na wenzake watatu. Walichukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, wakawekwa katika jumba la mfalme, wakapangiwa chakula cha mfalme na divai yake. Danieli akaazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula kile. Akamwomba msimamizi awajaribu kwa siku kumi tu, wapewe chakula cha mimea na maji, kisha watazamwe nyuso zao. Waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili waliandika hapo neno moja tunalolijua sana: mtama. Katika lugha ya Kiebrania neno hilo lahusu vitu vilivyopandwa, yaani mbegu na mboga. Lakini mimi hufurahi kila nisomapo mtama, maana nauona ukiwa katika shamba la jirani yangu.

Danieli alibadili chakula kwa ajili ya imani yake. Leo nataka kusema na wale wanaobadili chakula kwa ajili ya ugonjwa, kwa sababu njia aliyoifuata Danieli inawafaa nao pia.

Yako magonjwa ambayo hayaletwi na mbu, wala na maji machafu, wala hayaambukizwi. Mungu ameweka katika mwili askari wa kuulinda. Askari hao hupigana na vijidudu usiku na mchana. Lakini kwa watu wengine askari hao hukosea, wakamgeukia mwenye nyumba. Wakivishambulia viungo, vidole huvimba, na asubuhi mtu hawezi hata kufunga kifungo cha shati; hiyo ndiyo aina moja ya baridi yabisi, nayo hushika hata vijana. Wakishambulia ngozi, figo na damu, huenda ni lupasi. Na wako ambao wakila ngano, askari hao huuharibu utumbo wenyewe. Ugonjwa huo waitwa seliaki.

Mgonjwa wa namna hii huteseka mara mbili. Huteswa na maumivu, tena huteswa na maneno. Leo ana nguvu, kesho hawezi kuinua mtungi, na watu husema ni mvivu. Wengine husema amerogwa. Wengine huuliza ametenda dhambi gani. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza vivyo hivyo juu ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana akawajibu kwamba upofu ule haukutokana na dhambi ya mtu yule wala ya wazazi wake. Basi na tunyamaze hapo Bwana alipotunyamazisha.

Mama mmoja alinijia na mfuko wa karatasi. Viungo vyake vilikuwa vimevimba kwa miaka mitatu. Ndani ya mfuko mlikuwa na vidonge vya hospitali, na kando yake unga wa majani alioununua sokoni. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba unga ule haufanyi kazi mpaka vidonge vitupwe. Akaniuliza, "Mchungaji, nikiendelea na vidonge, nitakuwa nimekosa imani?"

Wapendwa, swali la mama huyu si dogo. Baridi yabisi ya namna ile isipotibiwa hula mifupa ya viungo, na kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooki kwa majuto. Tena ziko dawa, kama prednisoloni, ambazo mtu aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafula aweza kuanguka na hata kufa. Nilimjibu hivi: "Mama, imani haikuambii utupe vidonge. Chakula tutakijaribu, lakini tutakijaribu kama Danieli."

Danieli alijaribuje? Kwanza, hakujificha. Alikwenda kwa msimamizi akamweleza wazi. Nawe usimfiche daktari. Mwambie unachokula, unachokiacha, na kila unga unaouchanganya katika uji. Yako majani mazuri kwa mmoja na mabaya kwa mwingine. Lusani, ile tunayowapa ng'ombe, siku hizi huuzwa kuwa dawa ya watu. Lakini madaktari huwaonya wenye lupasi waiache, kwa kuwa yaweza kuuamsha ugonjwa.

Pili, Danieli alitaja siku. Alisema siku kumi, hakusema "tuone tu." Viungo vyaweza kutaka majuma kadhaa, lakini taja siku ya kuanza na siku ya kupima.

Tatu, alibadili jambo linalojulikana. Ukiacha maziwa, nyanya, nyama na ngano siku moja, kisha ukapata nafuu, utajuaje ni kipi kilichokuwa kikikuumiza? Na ukiendelea kuacha kila kitu, utakonda, na njaa itakuwa ugonjwa wa pili. Ondoa kimoja, andika katika daftari, kisha ukirudishe uone.

Nne, alikubali kutazamwe. Nyuso zao zilipimwa mbele ya yule aliyekuwa na mashaka. Chakula kisipokusaidia, sema hakikusaidia, ukirudi kwenye sahani yako bila aibu.

Wataalamu wa zamani zetu wamefuata njia kama hiyo. Huko Uholanzi alikuwako daktari wa watoto, Willem Dicke. Hata kabla ya Vita Kuu ya Pili alishuku kwamba ngano ndiyo iliyowadhuru watoto wenye seliaki. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate ukaadimika, na watoto wale, katikati ya njaa, wakapata nafuu. Mwezi wa Aprili na Mei 1945 ndege za Uingereza na Marekani ziliwadondoshea Waholanzi vyakula. Mkate uliporudi mezani watu walishangilia, lakini watoto wale waliugua tena. Dicke akafuata jambo hilo kwa bidii, na mwaka 1950 akaandika uchunguzi wake. Tangu hapo yajulikana kwamba dawa ya seliaki ni kuacha kabisa ngano, shayiri na rai, maisha yote. Wazee wetu wa Ukambani, mnaoikumbuka njaa ya 1961 mliyoiita Ndeke kwa ajili ya ndege zilizoleta chakula, mwaweza kuielewa habari hii kuliko wengi.

Lakini angalieni: anayeshuku seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa damu. Akiiacha mapema, kipimo chaweza kuonyesha hana ugonjwa, kumbe anao.

Na juu ya baridi yabisi, mwaka 1991 madaktari wa Norwe walitangaza jaribio la wagonjwa 53. Wagonjwa 27 walianza kwa mfungo wa siku saba mpaka kumi, wakinywa chai ya majani, mchuzi wa mboga na maji yaliyokamuliwa katika mboga, huku wakiangaliwa. Baadaye walikula mimea tu isiyo na ngano, na kila baada ya siku moja wakaongeza chakula kimoja kipya. Kama maumivu yalizidi ndani ya siku mbili, waliondoa chakula kile kwa siku saba, kisha wakakijaribu tena. Baada ya mwezi kundi hilo lilikuwa limepungukiwa na maumivu na uvimbe, na mwaka ulipokwisha bado lilikuwa na nafuu kuliko wenzao. Si kila mmoja aliyepata nafuu, wala haikuwa kuponywa. Ilikuwa nafuu, na mwenye maumivu ajua thamani ya nafuu. Nanyi mnaotumia dawa, msianze mfungo wa namna ile nyumbani bila daktari.

Sasa, ndugu zangu, mtu akiambiwa ajaribu chakula kipya, hufikiri juu ya vitu vya bei kubwa katika maduka ya Nairobi. Hapa kwetu mara nyingi chakula kipya ni kile cha bibi yako. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika. Kabla yake babu zetu walikuwa na mtama, mawele na wimbi. Nafaka hizo hazina gluteni, ile sehemu ya ngano inayowadhuru wenye seliaki. Muthokoi na kunde hauna. Mbaazi, ndengu, mihogo na viazi vitamu havina. Wimbi lina madini ya kujenga mifupa kuliko nafaka nyingine zetu, na hilo lamfaa anayetumia prednisoloni, kwa kuwa dawa ile hudhoofisha mifupa. Samaki wenye mafuta nao huonekana kupunguza kidogo maumivu ya viungo. Tulividharau baadhi ya vyakula hivi tukaviita vya maskini, tukamheshimu mgeni kwa chapati na mandazi. Huenda Bwana anaturudisha ghalani kwetu.

Hata hivyo, si kila kinachoota ni chakula. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa nne, mtu mmoja alitoka wakati wa njaa akachuma matango-mwitu asiyoyajua, akayakata ndani ya sufuria, na wenzake walipoonja wakalia kwamba mna mauti ndani. Mtu yule alikuwa na nia njema. Wengi wanaomletea mgonjwa majani na unga wana nia njema. Lakini nia njema haiondoi sumu. Ulizeni kwanza.

Nina neno kwa nyumba zetu na kwa kanisa. Mgonjwa akikataa chapati arusini, msiseme anaringa. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Akina mama wa Mothers' Union, mnapopika kwa ajili ya mazishi au mavuno, wekeni kando sufuria moja ya muthokoi au viazi, na mwiko wake, usioguswa unga wa ngano. Kwa mwenye seliaki hata unga kidogo wadhuru. Na katika mashine ya kusagia, mtama wake usagwe mashine ikiwa imesafishwa.

Na Meza ya Bwana je? Wako wanaoogopa kuja kwa sababu ya mkate wa ngano, wakaketi nyuma mwaka mzima wakidhaniwa wamerudi nyuma. Ndugu, mweleze mchungaji wako. Waweza kupokea kikombe peke yake, na ushirika wako umekamilika, kwa maana Kristo hagawanyiki. Kitabu chetu cha Sala chafundisha kwamba mgonjwa asiyeweza kupokea kwa kinywa, akitubu na kuamini, amemla Kristo kwa faida ya roho yake. Lakini wachungaji wenzangu, tusimwachie mgonjwa kazi ya kuomba kikombe kisichoguswa na makombo. Tumwandalie.

Yule mama anaendelea na vidonge vyake. Ameongeza mtama, kunde na omena, na ana daftari. Maziwa aliyajaribu akaona hayana neno, akayarudia kwa furaha. Siku nyingine vidole huvimba, siku nyingine aweza kusuka kiondo. Bado twaomba naye. Danieli hakupewa njia ya kutoka Babeli. Alipewa neema ya kusimama akiwa humo humo Babeli, siku kumi, na nyingine kumi.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeumba mwili na kuota mbegu, wakumbuke leo wale ambao miili yao yapigana nayo wenyewe. Wape waganga hekima, wape jamaa zao uvumilivu, na wao uwape nafuu, na siku isipokuwa na nafuu, uwape Wewe mwenyewe. Bariki mtama katika mashamba yetu, na sahani ya kila mgonjwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki.