Klabu za Huduma na Vyama vya Msingi: Udugu Unaozaa Kazi



Katika miji mingi ya Afrika Mashariki lipo kundi la watu ambalo wanaushirika walio wengi hulisikia kwa jina tu. Watu hao hukutana ukumbini, aghalabu katika hoteli, wakala chakula kwa gharama zao wenyewe, wakasikiliza mazungumzo ya mgeni, kisha wakatawanyika kurudi kazini. Baada ya miezi kadhaa kijiji fulani hupata kisima, au zahanati hupata vitanda, au wazee wenye mtoto wa jicho hupasuliwa bila malipo. Hizo ndizo klabu za huduma, na zinazojulikana zaidi ni Rotary na Lions.

Wanaushirika wanayo sababu ya kuzichunguza. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika mjini Manchester mwaka 1995, inavitaka vyama viijali jamii inayovizunguka. Vyama vingi vimeipokea kanuni hiyo kwa moyo mweupe, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kubahatisha. Leo madawati, kesho mchango wa sherehe, keshokutwa rambirambi; na mkulima aliyeleta kahawa au korosho yake ghalani huja kuyasoma hayo katika taarifa ya mkaguzi. Klabu za huduma zimeishi na jambo hili kwa zaidi ya miaka 100, na katika mwenendo wao yapo ya kujifunza, na yapo pia ya kuepuka.

Asili yao ni upweke. Mwanasheria Paul Harris alikulia katika mji mdogo wa Wallingford, jimbo la Vermont nchini Marekani, mahali ambapo kila mtu alimjua mwenzake. Mwaka 1896 alihamia Chicago kufanya kazi, akajikuta katikati ya umati usiomjua. Usiku wa tarehe 23 Februari 1905 alikutana na watu watatu: Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey, fundi wa nguo. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi za kila mmoja wao, na kutokana na mzunguko huo wa zamu ndipo klabu ilipopata jina la Rotary. Kila kazi iliwakilishwa na mtu mmoja tu, ili meza moja ikusanye mwanasheria, mpiga chapa, mchuuzi na daktari, wala pasiwe na washindani wawili wanaotazamana kwa kijicho.

Yafaa kusema wazi kwamba mwanzoni klabu hiyo haikuwa ya huduma hata kidogo. Ilikuwa ya kununuliana. Fundi wa nguo aliwashonea wenzake, mwenye makaa akawauzia makaa, na daftari liliwekwa kuonyesha nani amempa nani biashara. Mwaka 1906 alialikwa kujiunga mwanasheria mmoja aitwaye Donald Carter. Alipoisoma katiba alikataa, akieleza kwamba chama kisichomfaa mtu yeyote ila wanachama wake hakina maisha marefu. Wenyewe hawakukasirika. Walimwomba asaidie kuirekebisha katiba, naye akaingia. Mwaka 1907 wakaanza kudai vyoo vya umma katikati ya jiji la Chicago, wakapingwa na wenye viwanda vya bia na wenye maduka makubwa, ambao walipenda mtu aliyebanwa alazimike kuingia baa au dukani. Klabu ilishikilia madai yake, na vyoo vikajengwa. Kazi ya kwanza ya klabu hiyo, basi, haikuwa ya fahari, ilikuwa choo.

Swali la Carter halilingani sawasawa na hali ya chama cha ushirika. Chama cha msingi kinapomhudumia mwanachama wake hakifanyi ubinafsi, kwa maana ndiyo kazi kilichoundiwa. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale waliofungua duka lao mwezi Desemba 1844 walitaka unga usioghushiwa kwa ajili yao na jamaa zao, wala hakuna aliyewalaumu. Lakini mwanachama huyo hunywa maji ya kisima kile kile anachonywa asiye mwanachama, na mtoto wake husoma shule ile ile. Hapo ndipo kanuni ya saba inaposhika, na maneno yake yana sharti ambalo husahauliwa: kuijali jamii kwapaswa kufuate sera zilizoidhinishwa na wanachama wenyewe. Haisemi mwenyekiti, haisemi bodi. Bodi ikitoa shilingi milioni mbili kwa jambo jema kabisa, bila azimio la mkutano mkuu na bila fungu katika makisio, imekwenda kinyume cha kanuni hiyo hiyo inayodai kuitekeleza.

Tazama sasa jinsi klabu zinavyotunza fedha. Lions, zilizoanzishwa mwaka 1917 huko huko Chicago kwa juhudi za mfanyabiashara wa bima Melvin Jones, zina sheria kwamba hesabu ziwe mbili. Moja ni ya uendeshaji, inayotokana na ada za wanachama; hiyo hulipia barua, ukumbi na chakula. Nyingine ni ya huduma, inayotokana na fedha zilizochangwa na umma. Fedha za umma hazilipii chakula cha mwanachama hata senti moja. Tangu mwaka 1925, Helen Keller, mwanamke aliyekuwa kipofu na kiziwi, alipowaomba wapigane na upofu, klabu hizo zimepokea fedha nyingi kwa ajili ya macho ya watu, na bila mpaka huo kati ya hesabu mbili imani ya wachangiaji isingalidumu. Katibu wa chama cha msingi naye aweza kuwa na fungu la jamii lenye ukurasa wake katika daftari, lenye kiwango kilichopitishwa na mkutano mkuu, na lenye stakabadhi zake. Mkaguzi wa COASCO atalifurahia, na mwanachama hatalazimika kunong'ona.

Lakini hesabu safi hazitoshi kumfanya mtu atoke nyumbani kwake. Kinachomtoa ni udugu, na juu ya jambo hili klabu zina ujuzi ambao vyama vya ushirika vimeupoteza. Rais wa klabu hugonga kengele saa iliyotajwa, si nusu saa baadaye. Wageni hutambulishwa kwa majina. Mwanachama mmoja hupewa kazi ya kutoza faini ndogo za utani: huyu amechelewa, yule amesahau beji yake, mwingine amepata mjukuu asiwaambie wenzake. Kicheko hicho kina maana yake. Meneja wa benki aliyetozwa faini mbele ya mwalimu hana budi kushuka kidogo kutoka kitini pake. Mzungumzaji mgeni huongea kwa muda mfupi, watu humwuliza maswali, kengele hulia tena, na mkutano umekwisha.

Kwa miaka mingi kanuni ya Rotary ilikuwa kali: aliyekosa mikutano minne mfululizo bila udhuru aliweza kupoteza uanachama. Aliyekuwa safarini alihudhuria klabu ya mji aliokuwako, akarudi na kikaratasi cha kuthibitisha, na hudhurio lake likahesabiwa. Tangu mwaka 2016 klabu zimepewa uhuru zaidi, ambazo hazitaki kukutana kila juma zaweza kukutana mara mbili kwa mwezi. Kadhalika rais hushika kazi mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Juni, kisha humpisha mwenzake na kurudi kukaa kama mwanachama wa kawaida. Wapo wenyeviti wa vyama vya msingi ambao jambo hilo wataliona kama hadithi.

Chama cha wakulima hakiwezi kukutana hotelini kila juma, wala haipasi. Hata hivyo wanachama hukutana wenyewe kila msimu, siku za kupima mazao ghalani, wakisubiri mizani kwa saa nyingi. Robo saa ya siku hiyo ingetosha: katibu asome bei na makato, mmoja aseme nani amefiwa na nani mgonjwa, mwingine aulize lake. Hakuna posho inayohitajika kwa jambo hilo. Mkutano mkuu wa mwaka ungewakuta watu wanaojuana, na akidi isingetafutwa kwa kupiga mbiu mara tatu.

Udugu una hatari yake nao, kwa kuwa watu wanaopendana ndani huweza kufunga mlango. Mwaka 1978 klabu ya Rotary ya mji wa Duarte, California, ilinyang'anywa hati yake kwa sababu ilikuwa imewaingiza wanawake. Shauri lilikwenda hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1987 uamuzi ukatoka kwamba sheria za California zaweza kuilazimisha Rotary kuwapokea wanawake. Mwaka 1989 kanuni ikabadilishwa kwa klabu zote duniani. Mwaka 2022 Jennifer Jones wa Kanada akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary ya kimataifa. Ushirika hauna kipengele cha kuwazuia wanawake. Lakini daftari la wanachama lifunguliwe, itazamwe ni mara ngapi jina lililoandikwa ni la mume, na aliyechuma, aliyeanika na aliyebeba gunia ni mke. Kwa wengine mlango hufungwa na katiba. Kwa wengine hufungwa na kalamu ya katibu.

Nguvu ya makundi haya madogo yanapoungana yaonekana katika vita dhidi ya polio. Mwaka 1979 Rotary ilianza nchini Ufilipino kwa kugharimia chanjo ya watoto milioni 6. Mwaka 1985 ikaazimia kukusanya dola milioni 120 kwa ajili ya dunia nzima. Kufikia mwaka 1988 ahadi na michango ilikuwa imezidi dola milioni 200. Mwaka huo inakadiriwa watoto 350,000 walipooza kwa ugonjwa huo, na Shirika la Afya Duniani likaazimia kuutokomeza. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya shirika hilo ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Kisha mwezi Februari 2022 Malawi ikatangaza mgonjwa mmoja, mwenye virusi vilivyotoka nje ya Afrika, na kampeni za chanjo zikafanywa upya, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Klabu hazikufanya kazi hiyo peke yao. Serikali, wauguzi na wazazi ndio walioubeba mzigo mkubwa. Zilichofanya ni kutolichoka jambo moja kwa zaidi ya miaka 40.

Kisima cha kijijini hakina budi kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Klabu huja, pampu ya mkono husimikwa, picha hupigwa, wageni hurudi mjini. Valvu inapochakaa hakuna anayejua kipuri kinanunuliwa wapi, na akina mama hurudi mtoni wakipita kando ya ubao wenye majina ya wafadhili. Kosa hilo si la klabu peke yake. Mfuko wa Rotary, kwa misaada yake mikubwa ya kimataifa ambayo huanzia dola 30,000, hutaka mahitaji ya jamii yatathminiwe kabla ya maombi kuandikwa, na hutaka klabu za nchi mbili zishirikiane. Kwa hiyo wageni watauliza. Ni juu ya chama kuwa na jibu lililotoka mkutanoni, lenye muhtasari uliosainiwa, wala si jibu la mtu mmoja aliyekutwa ofisini.

Muhtasari huo utaje ardhi ni ya nani, nani atashika ufunguo, kila kaya italipa nini kwa ndoo, na fedha hizo zitawekwa wapi. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, na kila mradi wapasa kuwa mikononi mwa chombo cha watumia maji kinachotambuliwa nayo. Chama cha msingi chaweza kutoa ghala la kuhifadhia mabomba, nguvu kazi ya kuchimba mitaro, au sehemu ya fungu lake la jamii. Kisima chenyewe kisiandikwe kuwa mali ya chama ikiwa si chake.

Baadhi ya makatibu wamekuwa wakiuliza kama wao wenyewe wanaruhusiwa kujiunga na klabu hizi iwapo wataalikwa. Hakuna katika kanuni za ushirika kinachowazuia, na katibu anayekaa meza moja na daktari na mhandisi huenda akarudi na elimu ya kukifaa chama chake. Asafiri kwa nauli yake. Klabu yake inapotaka kuleta msaada katika chama anachokitumikia, aitangulizie bodi habari hiyo kwa maandishi, na atoke nje wanachama wanapoamua. Ada ya klabu hulipwa kutoka mfukoni mwake, wala haiandikwi katika matumizi ya chama.