Mizani ya Betri

Maongezi yetu leo ni juu ya betri ya sola ya volti 12, ambayo katika vibanda vya wachimbaji wadogo visivyofikiwa na waya wa umeme ndiyo taa na ndiyo chaji ya simu, na ambayo aghalabu hufa kabla ya wakati wake kwa kuwa mwenyewe huinyonya hata ikaisha pasipo kujua. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, husoma yapata volti 12.7; ikifika 12.2 imebaki nusu. Na chini ya 12 mwenye busara huzima redio, hata kama ni kipindi hiki.

Fundi apendaye betri ijipime yenyewe huchukua maikrokontrola, mathalani ile ya ubao wa Arduino Uno, ambayo mguu wake wa kupimia haustahimili zaidi ya volti 5. Kwa hiyo volteji sharti ipunguzwe kwa rezista mbili zilizofuatana, ya kilo-omu 30 upande wa chanya na ya kilo-omu 10 upande wa hasi, na katikati yake hupatikana robo kamili.

Hapo ndipo wengi hughafilika. Maikrokontrola haijui volti. Hujua kulinganisha tu. Huigawa volteji inayoilisha yenyewe mafungu 1024, kisha hutaja ni mafungu mangapi yaliyomo katika ile iliyoletwa kupimwa, kama mnunuzi wa dhahabu awekaye jiwe upande mmoja wa mizani na chembe upande wa pili. Na jiwe likiwa pungufu, mizani yote ni ghashi, hata mkono ulioishika uwe mwadilifu namna gani. Programu ikidhani inalishwa volti 5, ilhali chaja dhaifu inatoa 4.7, betri ya volti 12.0 itasomwa karibu 12.8, yaani iliyochoka itatangazwa kuwa imeshiba.

Dawa imo ndani ya chombo chenyewe. Chipu yake, ATmega328P, ina kipimo cha ndani cha volti 1.1 kisichoyumba pamoja na chaja, ijapokuwa hutofautiana kidogo baina ya chipu na chipu, hata ikalazimu kukisawazisha kwanza kwa mita ya fundi. Atakayekitumia aifanye rezista ya upande wa chanya iwe ya kilo-omu 150, ili volteji igawanywe kwa 16 na isivuke ile 1.1. Naye apime alfajiri, taa zikiwa zimezimwa na jua halijaanza kuchaji.