Hesabu ya Gharama za Maisha
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tukienda kuzungumza na waajiri juu ya mishahara, huletwa mezani karatasi yenye tarakimu nyingi, na hapo wengi wetu hunyamaza. Leo tunataka tuifungue karatasi hiyo.

Mwaka 1871 Mjerumani Étienne Laspeyres alieleza njia ya kupima kupanda kwa bei. Chukua kapu la vitu vilivyonunuliwa zamani, lipigie hesabu kwa bei za zamani, kisha kwa bei za sasa. Kapu la shilingi 100 likifika shilingi 120, gharama zimepanda 20 kwa mia. Mwaka 1874 Mjerumani mwenziwe, Hermann Paasche, alitumia kapu la vitu vinavyonunuliwa sasa. Hapo pana jambo. Mtu aliyeacha nyama kwa kuwa ni ghali, katika hesabu hii ya pili nyama haimo kapuni mwake, na maisha yanaonekana nafuu kuliko yalivyo.

Lakini swali kubwa ni hili: kapu ni la nani? Ernst Engel alikwisha onyesha mwaka 1857 kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha zake inavyokwenda katika chakula. Tufanye mfano. Katika kila shilingi 100, kibarua hutumia 60 kwa chakula, na mkubwa wa ofisi hutumia 20. Chakula kikipanda bei kwa nusu, na vitu vingine vikibaki palepale, kapu la kibarua litakuwa shilingi 130, la mkubwa 110. Karani akiwachanganya na kuandika 120, na wote wakaongezwa 20 kwa mia, kibarua bado amepungukiwa shilingi 10, na mkubwa amebakiwa na 10. Karani hakukosea kujumlisha. Alikosea kipimo. Sisi watu wa reli twajua kwamba behewa hupimwa lenyewe, halipimwi kwa uzito wa behewa la jirani.

Basi ndugu, tusiikimbie hesabu wala tusiiabudu. Tuulize mambo matatu: kapu ni la nani, liliandikwa mwaka gani, na bei zilichukuliwa katika maduka gani. Tena kila mmoja wetu aandike katika daftari matumizi ya nyumba yake kwa mwezi mzima, ampelekee katibu wa tawi. Daftari moja ni malalamiko. Daftari mia moja ni hesabu, na hesabu hujibiwa kwa hesabu.