Kawia Ufike

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu wa huku kwetu analijua: shida zinazowapata watu njiani saa ya mwisho, hasa wanapokwenda mahali pa furaha kupokea zawadi.

Siku ya kupokea zawadi haifanani na siku nyingine. Pengine shule imeshinda katika mashindano ya nyimbo. Pengine kwaya ya kanisa imeitwa Embu mjini kupewa kikombe. Pengine mama mmoja wa kijiji ameitwa Nairobi kuvalishwa nishani siku ya Jamhuri. Barua imesomwa kanisani na watu wamepiga makofi. Nguo zimepigwa pasi tangu juzi. Lakini asubuhi ya siku yenyewe mambo yaanza kuharibika moja baada ya jingine. Mvua imenyesha usiku kucha, na gari limekwama katika matope ya njia ya majani chai kabla halijafika kwenye lami. Gurudumu limetoboka, na lile la akiba halina upepo. Mwimbaji mmoja hajafika. Mwingine amesahau kitambulisho, naye amerudi nyumbani mbio. Saa zinakwenda, na Embu ingali mbali.

Hapo ndipo yaliyomo moyoni yanapotoka nje. Mtu aliye mpole kanisani aanza kuwafokea wenzake. Mwalimu amlaumu dereva, dereva amlaumu fundi, na yule kijana aliyechelewa akaa kiti cha nyuma akiangalia chini. Watu walioimba pamoja jana hawasemeshani leo. Kikombe hakijapokewa bado, nacho kimekwisha kuwagawanya.

Ndugu zetu, shida hizi haziwapati watu wa vijijini peke yao. Mwaka wa 2022 mkimbiaji wetu Ferdinand Omanyala alitakiwa kwenda Eugene, katika jimbo la Oregon huko Marekani, kushindania nishani ya dunia katika mbio za mita 100. Mwaka uliotangulia, tarehe 18 Septemba 2021, alikuwa amekimbia uwanjani Kasarani kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Kenya nzima ilimtazamia. Lakini viza ya kuingia Marekani haikupatikana mapema. Siku zilipita, wenzake wakafika na kupumzika, naye angali Nairobi. Viza ilipatikana siku ya Alhamisi, tarehe 14 Julai, na mbio zake za kwanza zilikuwa Ijumaa, tarehe 15. Alisafiri kuvuka bahari na mabara, akafika saa chache tu kabla ya kuitwa uwanjani. Hakupata usingizi wa kitandani, wala hakupata siku ya kuizoea hali ya hewa.

Je, alifanya nini? Alikimbia. Alimaliza wa tatu katika kundi lake kwa sekunde 10.10, akapita kuingia nusu fainali. Siku ya pili mwili ulidai haki yake, akaishia hapo. Aliikosa nishani ile.

Lakini habari haikuishia Eugene. Tarehe 3 Agosti 2022, kabla ya majuma matatu kutimia, Omanyala alikimbia Birmingham, Uingereza, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akashinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu Mkenya mwingine, Seraphino Antao wa Mombasa, aliposhinda mbio fupi kama hizo katika michezo ya mwaka wa 1962 huko Perth, Australia. Basi tazameni. Mlango mmoja ulipofungwa, mkimbiaji hakuketi chini kulia. Alikwenda kwenye mlango uliofuata.

Lakini, wapenzi, kuna jambo jingine la mwezi ule ule wa Julai 2022, nalo lilitokea hapa kwetu. Jumapili jioni, tarehe 24, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la mto Nithi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Twawakumbuka leo kwa heshima, wala hatusemi neno la kumhukumu mtu yeyote. Twataja mahali pale kwa sababu kila msafiri wa Meru na Embu hana budi kupapita. Barabara yetu yashuka na kupanda katika mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya kwenda Tana: Mutonga, Nithi, Thuci, na mingine. Mteremko wa Nithi umekwisha kuliza nyumba nyingi tangu zamani. Mtu aliyechelewa anaufikia mteremko ule sawasawa na mtu aliyewahi. Kona haimwulizi mtu anakwenda kupokea nini.

Twayajua magari ya miraa yatokayo Maua yakiteremka kwa kishindo, kwa maana miraa ikinyauka bei yake huanguka. Mama akiyasikia, huwavuta watoto kando ya barabara. Lakini tusiwatazame madereva wa miraa peke yao. Mara nyingi dereva wa kwaya huenda polepole, na abiria ndio wanaomsukuma. Mmoja asema, "Kanyaga, bwana, tumechelewa!" Mwingine asema, "Huyu dereva anaogopa nini?" Nao ni watu waliofanya maombi ya safari kabla ya kupanda gari. Wamemwomba Mungu awalinde, kisha wamemwamuru dereva asijilinde. Hayo mawili hayakai pamoja. Wazee walisema kawia ufike. Walisema pia kutangulia si kufika. Maneno haya mafupi yangewekwa mbele ya macho ya kila abiria, nyumba nyingi zingekuwa na baba na mama hivi leo.

Sasa tuifungue sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi kwa merikebu. Walikuwa wamechelewa, na majira ya kusafiri baharini yalikuwa yamekwisha kupita. Walifika mahali paitwapo Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete. Paulo akawaonya kwamba wakiendelea watapata hasara. Lakini bandari ile haikuwafaa kukaa wakati wa baridi, nao waliitaka bandari nyingine iliyo bora zaidi, Foinike, isiyokuwa mbali. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakadhani mambo ni mazuri, wakang'oa nanga. Kisha tufani ikawashika siku 14. Shehena ikatupwa baharini, na mwishoni merikebu yenyewe ikavunjika.

Ndani ya merikebu ile walikuwamo watu 276. Mwandishi ametuandikia hesabu yao, kwa sababu mbele ya Mungu watu huhesabiwa mmoja mmoja. Merikebu ilipotea, shehena ilipotea, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyepotea. Na huko Melita walikokaa miezi mitatu bila kupanga, Paulo alimwombea baba yake Publio aliyekuwa na homa, akapona, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja wakaponywa. Mtume aliyecheleweshwa alipata kazi mahali alipocheleweshwa. Rumi alifika, tena kwa wakati wa Mungu.

Kutokana na hayo yote, yafaa tupambanue namna tatu za kuchelewa, maana hazifanani.

Namna ya kwanza ni kuchelewa kwa uvivu. Bwana Yesu alitoa mfano wa wanawali kumi, katika Mathayo sura ya 25. Watano walikuja na taa bila akiba ya mafuta, wakaenda kununua usiku wa manane, na mlango ukafungwa. Gurudumu la akiba lisilo na upepo ni taa isiyo na mafuta. Kitambulisho kinachotafutwa alfajiri kilipaswa kuwekwa mfukoni jana jioni. Tusimsingizie shetani jambo ambalo fundi wa magurudumu angelimaliza kwa dakika 10. Ayari wa safari ni sehemu ya imani.

Namna ya pili ni kuchelewa kusikotoka kwetu. Viza haikutoka, mvua imebomoa daraja, barabara imefungwa. Hapa Mungu hatudai tuwe tumefika. Atudai tuwe waaminifu kwa saa zilizobaki. Omanyala alifika akiwa amechoka, lakini alikimbia mbio zilizokuwa mbele yake. Hivyo hata kwaya ikifika wakati vikombe vimekwisha kugawanywa, na iwashangilie waliopokea, ikaimbe huko kanisani Jumapili kwa moyo ule ule.

Namna ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kuchelewa kwa huruma. Tuseme gari la kwaya limetoka Meru na linakaribia njia ya kuingilia Chogoria. Mama amesimama kando ya barabara na mtoto mgonjwa mgongoni, akipunga mkono. Anataka kufika hospitali ya Chogoria, mahali ambapo Dakta Archibald Irvine alianza kazi ya kutibu watu mwaka wa 1922. Hospitali haiko katika barabara kuu. Hapana budi gari likunje kona na kupanda. Zitapotea dakika 20 au 30. Kikombe kinangoja Embu. Je, dereva asimame?

Kumbukeni Marko sura ya 5. Yairo, mkuu wa sinagogi, alimwita Yesu kwa haraka kwa kuwa binti yake alikuwa kufani. Ilikuwa safari isiyoruhusu kuchelewa. Lakini mwanamke mgonjwa wa miaka 12 aligusa vazi lake katikati ya msongamano, na Yesu akasimama. Akamsikiliza mpaka akamaliza maneno yake. Wakati ule ule wakaja watu kumwambia Yairo kwamba mtoto amekwisha kufa. Hebu fikirini moyo wa baba yule! Lakini Bwana aliendelea na safari, akamshika mtoto mkono, akainuka. Mwanamke alipona na mtoto aliishi. Huruma ya njiani haikuondoa baraka ya mwisho wa safari.

Kwa hiyo twasema bila kusita: dereva na asimame. Kwaya isiyoweza kumbeba mtoto mgonjwa haina wimbo wa kumwimbia Mungu, hata ikipewa kikombe cha dhahabu.

Na tena, wapenzi, zawadi haitolewi kwa ajili ya safari. Mwaka wa 2019, huko Dubai, Bradha Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko na mwalimu wa shule ya sekondari ya Keriko katika wilaya ya Njoro, Nakuru, alipewa zawadi ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja za Marekani. Hakuipata kwa sababu alifika ukumbini. Aliipata kwa sababu ya miaka ya kufundisha watoto maskini, na kwa sababu sehemu kubwa ya mshahara wake aliitumia kuwasaidia. Zawadi ilikuwa imekwisha kustahiliwa darasani, kabla hajafunga mizigo. Vivyo hivyo na wewe, mwalimu, mama, mkulima, mwimbaji. Kazi yako njema haifutwi na gurudumu lililotoboka. Kama watu hawakukuona siku ya kuitwa jina, Mungu alikuona siku ulipofanya kazi.

Mtume Paulo karibu na mwisho wa maisha yake alimwandikia Timotheo habari za taji aliyowekewa na Bwana. Na mara akaongeza kwamba taji hiyo si yake peke yake, bali ni ya wote wanaokupenda kuja kwake Bwana. Basi hiyo ndiyo sherehe ambayo hatuendi kushindana na jirani. Mlango wake haufungwi kwa sababu mtu alisimama njiani kumwinua aliyeanguka.

Leo, utakapopanda gari, jiandae mapema. Ukichelewa, usimfokee mwenzako. Dereva akienda mbio, sema naye kwa heshima, "Mwanangu, punguza mwendo, nyumbani wanatungoja tukiwa hai." Neno hilo moja laweza kuwa mahubiri makubwa kuliko haya yetu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewahesabu watu 276 baharini usimwache hata mmoja, uwahesabu pia wasafiri wa barabara yetu. Uwafariji wote waliopotelewa na wapendwa wao pale Nithi. Uwape madereva macho ya kuona na abiria subira. Utufundishe kujitayarisha, kuvumilia, na kusimama kwa ajili ya mhitaji. Na mwisho wa safari zote utufikishe kwako, sisi na wenzetu pamoja, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.