Ubavu wa Kushoto na wa Kulia

Walimu wetu, wazazi, na nyinyi wanangu mnaohitimu leo hapa Maskati: hongereni sana.

Wazee wengi mliomo humu mna asili ya Unguja. Mtakumbuka habari za chui wa kufugwa, anayetumwa na mchawi usiku. Kwa hofu hiyo, baada ya mwaka 1964 iliendeshwa kampeni ya kumsaka. Leo anayeonekana bila shaka ni yule wa makumbusho tu: ngozi iliyojazwa, yenye madoa madogo madogo.

Oman bado tunaye. Chui wa Uarabuni ni mdogo kuliko chui wote, dume lake kilo 30 hivi, na porini hawafiki 200. Jabal Samhan, kule Dhofar, ilifanywa hifadhi mwaka 1997, kilomita za mraba 4,500, na kamera zikategwa. Kamera hufungwa kwenye jiwe, usawa wa goti, kando ya kijia. Chui akipita, inapiga picha yenyewe. Kisha mtafiti huweka picha mbili pamoja akalinganisha doa kwa doa, kwani hakuna chui wawili wenye madoa sawa. Hata ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, ndiyo maana kamera hutegwa mbili mbili, zikitazamana. Hivyo ndivyo walivyotambuliwa chui 17 kufikia mwaka 2000. Kazi ya subira hiyo, wanangu, naiheshimu mno.

Lakini chui hajui mpaka. Milima ya Jabal Qamar, nayo ya Dhofar, inavuka hadi Hawf, jimbo la Mahra, Yemen. Msitu ule ule, unaonyweshwa na ukungu ule ule wa msimu wa kharif. Chui mmoja akipigwa picha huku na huko, na picha zisikutanishwe, atahesabiwa wawili. Nasi tutalala tukidhani wapo wengi.

Basi nyinyi mliosomea ramani, kabla ya kufungua kompyuta kaeni na wafugaji wa jabali. Wao ndio wanaoliwa mbuzi, na wao ndio wanaojua bonde gani lina maji kiangazi. Wasikilizeni hasara zao kwanza. Kumbukeni, chui wa Unguja aliangamizwa na hofu ya majirani zake.

Kisha watafuteni wenzenu wa Mahra. Wapelekeeni picha zenu, za ubavu wa kushoto na wa kulia, na muwaombe za kwao.