Msaidizi wa Mwalimu na Mtoto Mwenye Tabia Nzito

(Maneno ya hotuba kwa wazazi na waalimu wa Nzahaha, Rusizi)



Katika kila chumba cha kusomea hupatikana mtoto mmoja au wawili ambao majina yao hutajwa kuliko majina ya wenzao wote. Huyu amempiga jirani yake. Yule ametoka bila ya ruhusa. Mwingine amelala juu ya dawati tangu kengele ya kwanza. Jina lake hutajwa na mwalimu, hutajwa na mkuu wa shule, na jioni hutajwa tena nyumbani, mpaka mwenyewe huamini kuwa jina lile na ubaya ni kitu kimoja. Mtoto wa namna hii katika Nzahaha hakosi njia ya kutorokea. Bonde la Bugarama li karibu, na huko kuna mashamba ya mpunga, kuna soko, na kuna mipaka miwili, wa Burundi na wa Kongo, ambako mvulana mwenye mabega hakosi mzigo wa kubeba. Akisha kuonja fedha za huko, kumrudisha darasani ni kazi kubwa kuliko ile ambayo ingetosha kumzuia asiondoke.

Ndiyo maana yafaa kumzungumza mtu ambaye mara nyingi hasahauliwi ila kwa sababu hajapata kuwekwa: msaidizi wa mwalimu, akaaye darasani kwa ajili ya watoto kama hao.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, Maalim hakuwa peke yake. Alikuwa na khalifa, mwanafunzi aliyewatangulia wenzake, ambaye aliwasikiliza wadogo na kuwarudisha penye kosa. (Wako makhalifa waliokuwa na mkono mwepesi kumshinda Maalim mwenyewe, lakini hayo ni mengine.) Hapa Rwanda, Uislamu uliingia pamoja na wafanya biashara na askari wa zama za Wajerumani, na msikiti wa Al-Fatah wa Kigali ulijengwa 1913. Baadaye, chini ya Wabelgiji, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi Waislamu wakachelea kuwapeleka watoto wao. Kwa hiyo chuo ndicho kilichokuwa shule, na mtoto aliyefukuzwa chuoni alikuwa hana mahali pengine pa kwenda. Leo shule ziko wazi kwa wote, lakini darasa limejaa. Tangu 2009 shule za msingi ziligawa watoto katika zamu mbili, asubuhi na mchana, na 2020 serikali ilianza kujenga vyumba zaidi ya 22,000 ili kupunguza msongamano. Mwalimu mwenye watoto wengi kiasi hicho hana wakati wa kumwuliza mmoja kwa nini analia.

Swali hilo la kwa nini ndilo la kwanza la msaidizi. Mtoto mkaidi huenda hasikii: masikio yanayotoka usaha huchukua kusikia kwake kidogo kidogo, naye huitwa mara tatu asiitike, akapigwa kwa jeuri asiyoifanya. Huenda haoni ubao. Huenda kuna kile kifafa kisichoangusha mtu, ambacho humfanya mtoto akodoe macho kwa sekunde chache kisha azinduke bila ya kujua yaliyopita. Mwalimu husema amezubaa, na jirani husema ana jini. Yafaa masikio na macho yatazamwe katika kituo cha afya kabla ya hirizi kushonwa. Na huenda ana njaa, au aliamka alfajiri kuamia ndege shambani, akafika darasani nguvu zimekwisha.

Halafu ipo lugha. Mtoto wa hapa husema Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, husoma Kiarabu chuoni, na shuleni hukuta Kiingereza, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia tangu 2008. Asiyefahamu lugha ya somo hana ila mambo mawili: kunyamaza au kucheza. Akinyamaza, hasa akiwa msichana, husifiwa kwa adabu na kusahauliwa, akicheza, huadhibiwa. Wote wawili wana taabu ile ile, na msaidizi mwema humtazama yule wa kimya kama amtazamavyo mwenye makelele.

Wapo pia wanaobeba mambo ya nyumbani. Wazazi wengi wa leo walikuwa wenyewe watoto wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na nyumba nyingine zina kimya ambacho mtoto hukisikia asijue sababu yake. Msaidizi si tabibu wa mambo haya wala asijifanye tabibu. Wajibu wake ni kuona, kutotangaza, na kumpeleka mtoto na mzazi kwa mwenye ujuzi.

Baada ya hayo ndipo iingiapo kazi yenyewe, nayo ni kazi ya macho na daftari. Kila fujo lina mambo matatu: lililotangulia, tendo lenyewe, na lililofuata. Watu wengi huliona la katikati tu. Tuseme kijana mmoja huwachokoza wenzake kila siku, akatolewa nje. Msaidizi akiandika kwa wiki mbili hugundua kuwa fujo huja wakati wa kusoma kwa sauti, wala haliji wakati wa hesabu. Kijana hajui kusoma, na aibu ya kusimama mbele ya wenzake ni kali kwake kuliko fimbo. Anapotolewa nje, hajaadhibiwa hata kidogo, amepewa alichokitafuta. Kila anapotolewa, hufundishwa kwamba uchokozi ni mlango. Dawa yake basi haiko katika adhabu: asomeshwe mistari miwili faraghani siku iliyotangulia, asimamishwe kusoma hiyo miwili tu, na akae. Mwingine hufanya fujo ili atazamwe, kwa kuwa hakuna amtazamaye akiwa ametulia. Huyo apewe neno jema wakati ametulia, tena haraka, kabla hajalitafuta kwa njia nyingine.

Yako pia mambo madogo ambayo hufaa sana. Amri iwe moja, fupi, na isemwe karibu na mtoto kwa sauti ya chini, kwa maana ukelele wa kutoka upande wa pili wa chumba humtia ushindani mbele ya wenzake. Mtoto asiyeweza kukaa apewe kazi ya kusimama: afute ubao, agawe madaftari, achote maji. Akianza kukunja ngumi na kupumua kwa nguvu, atolewe akanawe uso kabla hasira haijapanda. Ikisha kupanda, maneno hayamwingii, na kumhutubia ni kupoteza pumzi. Mazungumzo yasubiri mpaka ametulia.

Haya si mambo ya Wazungu yaliyoletwa juzi. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki 1111, katika Ihyaa alishauri kwamba kosa la kwanza la mtoto lipuuzwe na asifedheheshwe kwalo, na akirudia aonywe kwa siri, wala lawama isizidi, maana huzoeleka ikawa haina uzito. Tena akataka mtoto aachwe acheze baada ya masomo. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima yake ya 1377, alieleza kwamba ukali juu ya wanafunzi huwafundisha uvivu, uwongo na hila. Na inajulikana kwa wote habari ya Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni mwake, asiambiwe hata neno la kukereka. Sheria ya Rwanda ya 2018 ya kumlinda mtoto nayo huwaadhibu wanaompa mtoto adhabu kali au ya kumdhalilisha. Mwenye kutetea fimbo kwa kusema ndiyo dini na ndiyo mila, basi ana kazi ya kujibizana na watu wakubwa.

Lakini iko hatari moja katika kuweka msaidizi, nayo yastahili kusemwa wazi. Huko Uingereza, ambako wasaidizi wa darasani ni wengi sana, Peter Blatchford na wenzake wa London walifanya uchunguzi mkubwa kati ya 2003 na 2008. Wakaona kwamba watoto waliosaidiwa zaidi ndio walioendelea kidogo zaidi katika masomo kuliko wenzao waliofanana nao. Sababu haikuwa ubaya wa wasaidizi. Mwalimu alipomwona msaidizi kando ya mtoto, alimwachia. Mtoto akafundishwa siku nzima na yule mwenye elimu ndogo zaidi chumbani, naye kwa huruma akamfanyia kazi ili iishe. Kwa hiyo mwenye taabu kubwa ndiye aliyemkosa mwalimu. Jambo hili laweza kutokea Nzahaha kwa wepesi zaidi, kwa kuwa mwalimu wa hapa amechoka zaidi.

Basi msaidizi asiwe mmiliki wa mtoto. Wakati mwingine na awasimamie wale wengine arobaini, ili mwalimu mwenyewe apate dakika kumi za kukaa na yule mmoja. Vijana waliomaliza sekondari na wanaongoja kazi wako kila mtaa, na chuo cha waalimu cha Mururu ki katika wilaya hii hii, hivyo mafunzo hayahitaji safari ya Kigali. Nauli na posho za vijana wawili au watatu ni mzigo ambao michango ya Ijumaa yaweza kuubeba, wakubaliane kwanza na mkuu wa shule, na wazazi waambiwe mapema, isije ikadhaniwa kwamba mtoto amewekewa mlinzi.

Mwezi wa kwanza msaidizi na akae benchi moja na mtoto. Wa pili, benchi la nyuma yake. Baadaye akae mlangoni, na jirani wa mtoto, aliye mwanafunzi mwenzake, ndiye amwonyeshe ukurasa. Daftari aliandike kila siku mistari mitatu, na mwisho wa wiki amsomee mama au baba, akianza na lile jema lililotokea wiki hiyo, hata kama ni moja.